Nyumba Aliyoiezeka Ghaniya

Watu wakipita kwenye mtaa wetu wa zamani hapa Ibra, huinyooshea kidole ile nyumba yenye chumba cha juu iliyo karibu na falaji, mfereji wa maji ya mashamba, wakasema: "Nyumba ya Musallam hiyo. Mashallah, kaitengeneza vizuri." Mara ya kwanza mimi hunyamaza. Mara ya pili siwezi. Nyumba ya Musallam! Musallam, Mungu amrehemu, alirithi kuta zilizopasuka na dari iliyokuwa ikimwaga udongo kwenye vikombe vya chai. Aliyeifanya ikawa nyumba ni Ghaniya, mtoto wa mama yangu mkubwa, na mimi Radhia nilikuwepo tangu tofali la kwanza.

Ghaniya tumelingana naye, tumezaliwa Unguja, Malindi, milango miwili mbali. Musallam alimkuta hapo hapo. Yeye alitoka Ibra kijana, akaacha mke na mtoto mchanga aitwaye Hamdun, akasema anakwenda Unguja misimu miwili kutafuta riziki. Hiyo misimu miwili ikawa miaka. Akamuoa Ghaniya, kule Ibra mke wa kwanza akafa, na Hamdun akalelewa na bibi yake. Baada ya mapinduzi Ghaniya na mumewe walikaa Tanga, halafu mwaka sabini na mbili wakapata njia ya kuja Omani, na mimi pamoja nao. Hamdun alimpokea baba yake mlangoni akiwa kishaota sharubu, akampa mkono kama anavyopewa mgeni. Ghaniya alimpenda tangu siku ile, kwa sababu yeye mwenyewe Mungu hakumjaalia mtoto. Lakini kumpenda mtoto wa mtu ni kitu kimoja, na yeye kukuita mama ni kitu kingine. Alimwita Khalti, yaani mama mdogo, na ndivyo alivyomwita siku zote.

Nyumba waliyoikuta, astaghfirullah. Matofali ya udongo, dari ya magogo ya mitende, juu yake makuti, jamvi, na udongo tena. Bibi yake Hamdun alikuwa keshakufa na nyumba imefungwa misimu kadhaa, Hamdun akilala kwa jamaa mpaka alipoifungua siku ile. Ghaniya aliligusa gogo moja kwa kidole, kidole kikazama ndani mpaka kwenye kiungo. Mchwa walikuwa wamelila lote, wameacha ganda. Akamgeukia mumewe: "Musallam, umenitoa Tanga uje uniweke ndani ya andazi?" Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Hatukuwa na kingine cha kufanya.

Musallam alipata kazi ya kuendesha gari la maji la serikali. Mshahara haukuwa mbaya, ila nyumba bovu haijui mshahara. Basi Ghaniya akashika hesabu. Kila mwisho wa mwezi alitandika kanga sakafuni, pesa zikamwagwa juu yake, zikagawiwa mafungu matatu: la tumbo, la watu, la nyumba. La tumbo kila mtu analijua. La watu ndilo lililotutoa roho. Miaka ile hapakupita mwezi bila jamaa kuteremka, huyu katoka Tanga, huyu Bujumbura, huyu Mwanza, kila mmoja na mkoba mmoja na watoto wanne. Utawaambia nini? Ndugu zako hao. Wale, wavae, wakopeshwe nauli ya kwenda Maskati kutafuta kazi. Hapo hapo kuna arusi, kuna hitima, kuna mzazi. Fungu la watu likiisha, mkono unaingia kwenye fungu la nyumba. Mwaka wa kwanza fungu la nyumba halikununua hata msumari.

Ghaniya akapata akili. Akamwambia Musallam: "Kuanzia leo fungu la nyumba halilali hapa. Likigawiwa tu, unakwenda nalo dukani unanunua kitu. Pesa mtu huja akaiomba. Boriti nani atakuja kuiomba?" Musallam akasema mke wake angefaa kuwa wakili. Na ikafaa kweli, kwa muda. Mwezi huu boriti, mwezi ujao boriti, mwezi wa tatu mifuko ya simenti, vyote vinapangwa kwenye majlisi, chumba cha wageni wa kiume, ambacho bado kilikuwa hakifai kwa mgeni. Jamaa wakija kukopa, Ghaniya anawafungulia mlango wa majlisi anawaonesha: "Mali yetu hii hapa, chukua boriti ukitaka." Wakawa wanaondoka wanacheka na wanaguna.

Kisha ikaja mvua. Ibra mvua haiji mara nyingi, lakini ikija haibishi hodi. Wadi, ule mto mkavu wa hapa, ulishuka, barabara ikakatika, na ile dari ya mchwa ikavuja kama chujio pale pale juu ya simenti. Jua lilipotoka, mifuko yote ilikuwa imeshakuwa mawe. Hapo ndipo nilipomwona Ghaniya analia kwa ajili ya nyumba, alikaa chini katikati ya mifuko akalia kwa sauti bila kujificha. Musallam aliita mwenzake mmoja, wakaisukuma ile mifuko nje mmoja mmoja, wakaipanga pembeni mwa mlango, akaikalia, akasema: "Haya, tushapata baraza. Kwetu Unguja nyumba bila baraza si nyumba." Mtu wa Ibra huyo, na anasema kwetu Unguja! Ghaniya akacheka huku anafuta kamasi. Jioni yake majirani walikuwa wamekaa pale wanakunywa kahawa.

Ila tangu siku hiyo alikata shauri. Paa kwanza. Choo kingoje, jiko lingoje, majlisi ingoje. Hili lilizua maneno. Kwa watu wa hapa, nyumba isiyo na majlisi ya maana ni fedheha kwa mwanamume, na Hamdun, ambaye sasa alikuwa ameandikwa jeshini, kila akija likizo alimwambia baba yake: "Baba, mgeni akija tunamweka wapi?" Ghaniya alimjibu yeye mwenyewe, kwa Kiarabu chake cha kuungaunga: "Mgeni ataona aibu zaidi akidondokewa na dari, mwanangu." Hamdun alitabasamu, lakini hakupendezwa.

Ili fungu la nyumba linenepe, Ghaniya alianza kushona kofia. Mnazijua kofia za mkono, tundu ndogo ndogo, sindano inaingia na kutoka mpaka macho yanauma. Alizishona asubuhi akishamaliza kupika, na Musallam akizichukua Nizwa kuziuza. Miaka ikapita hivyo. Choo cha shimo kilikuwa nje, uani, na Ghaniya akaumwa mgongo, na bado hakugusa pesa ya paa kujengea choo cha ndani. Nilimwambia, "Wewe utakufa hujakaa chini ya hilo paa lako." Akaniambia nifunge mdomo wangu mbaya.

Mwaka sabini na tisa mafungu yakatimia. Boriti zipo, mbao zipo, pesa ya fundi ipo. Fundi Marzouq akapanda, akaibomoa dari yote ya zamani, vumbi likajaa mtaa mzima. Nyumba ikawa wazi, mbingu hiyo juu. Ndipo Marzouq alipoteremka, akamwita Musallam, akamwonesha ukuta mkubwa wa kati, ule unaobeba chumba cha juu. Ulikuwa na ufa tangu chini mpaka juu, umejificha nyuma ya udongo uliopakwa na kupakwa tena miaka mingi. "Nikiweka boriti juu ya ukuta huu," akasema, "nitakuja kuwafukua. Lazima uvunjwe, tuujenge upya kwa tofali za simenti na nguzo." Musallam akasema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kumbe methali hii waliisemea nyumba yangu." Hakucheka safari hii. Gharama ya ukuta ilikuwa zaidi ya paa lenyewe, nyumba haina dari, na mawingu yameanza kukusanyika upande wa milimani.

Musallam alitaka kwenda kukopa kwa mfanyabiashara mmoja anayekopesha watu kwa kushika rehani mitende yao. Alikuwa na mitende kidogo ya urithi kule Al Qabil. Ghaniya akakataa. Akaingia ndani akatoka na kibweta. Mlikuwa na bangili nne na kidani, dhahabu aliyoachiwa na mama yake, mama yangu mkubwa, ambaye aliitoa Unguja ameifukia ndani ya kopo la unga wa muhogo, na askari aliyelifungua kopo akatia mkono juu juu tu akaona uchafu. Kitu pekee kilichobaki cha nyumba yetu ya Malindi ndicho hicho. Siku mbili baadaye akaja kwangu, akasema, "Radhia, vaa buibui lako, tunakwenda Nizwa."

Nilikwenda naye. Sonara alipoiweka dhahabu kwenye mizani, Ghaniya hakuitazama mizani. Aligeuka akaangalia watu wanaopita na mbuzi zao sokoni. Mimi nililia. Akanigeukia akasema, "Wewe unalilia nini? Dhahabu yenyewe si yako." Kwenye gari, kurudi, nikamwambia jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angemwambia: "Ghaniya, mwandikishe. Waite mashahidi wawili, aseme hii pesa kachukua kwako." Alinitazama kama nimepandwa na homa.

"Nimwandikishe mume wangu?"

"Ndiyo, mume wako."

"Nikamwambie nini? Kwamba nina shaka naye?"

Hapo ndipo ulipo ujinga wetu sisi tuliotoka Unguja, na nausema bila kuona haya. Hapa Ibra watu huandika kila kitu. Zamu ya maji ya falaji imeandikwa, mtende mmoja ulioota kwenye shamba la mwingine umeandikwa, na ndugu wa tumbo moja wanaandikiana na jioni wanakula sahani moja bila kinyongo. Sisi tunaona kumwandikisha mtu wa ndani ni kumtukana. Tunapeana kwa mkono, tunasema "baina yangu na yako Mungu," basi. Wallahi nilijua nimesema kweli, lakini nikanyamaza.

Ukuta ukajengwa. Paa likapanda kabla mvua haijashuka, boriti mpya, mbao, na simenti juu yake. Pesa iliyobaki ikatoa choo cha ndani chenye vigae vya rangi ya samawati, na mwaka uliofuata majlisi, ili Hamdun naye aridhike. Musallam alizipaka kuta chokaa kwa mkono wake mwenyewe. Mvua ya kwanza ilipokuja, Ghaniya alikuja kunigongea mlango, amelowa chapa chapa, akanivuta mkono mpaka kwake. Akaniweka katikati ya chumba cha juu. "Sikiliza," akasema. Mvua inapiga paa, na ndani hakuna tone.

Walikaa chini ya lile paa miaka mitatu tu. Musallam alianguka Mudhaibi, anajaza maji kwenye tangi la skuli moja, moyo ukasimama. Walimleta nyuma ya gari la jamaa yake. Ghaniya akakaa eda katika chumba cha juu, hatoki, haonekani na wanaume, na mimi nikimpelekea chakula. Hamdun alifanya yote yanayompasa mtoto. Alipokea watu kwenye majlisi, alilisha, alisoma, kila Ijumaa alitoka Maskati akaja kukaa nyuma ya pazia la mlango akamuuliza Khalti yake anataka nini. Sitamsingizia. Mtoto mwema.

Eda ilipokwisha akaja na mkewe, wakakaa, wakanywa kahawa, akasema aliyokuja kusema. Serikali ilimpa kiwanja kando ya barabara kubwa. Anajenga nyumba yake mpya, ana watoto wanne, pesa imemwishia njiani. Anataka nyumba ya baba yake iuzwe na igawiwe kwa sharia.

"Khalti, sikufukuzi," akasema. "Njoo ukae nasi. Chumba chako kipo."

Ghaniya akamuuliza, "Na nyumba hii?"

"Ya sharia, Khalti. Thumni ni yako."

Thumni! Sehemu moja katika nane, ndiyo haki ya mke ambaye mumewe kaacha mtoto. Mimi nilikuwa nimeshika sinia ya halwa, nikaitua chini kwa kishindo. Nikamwambia Hamdun, "Hilo paa unalokaa chini yake unalijua limetoka wapi? Na ukuta huo uliouegemea?" Akaniacha niseme mpaka nikachoka. Kisha akajibu pole pole: "Khalti Radhia, baba aliniacha nikiwa sijui hata kutembea. Watoto wenzangu walikwenda msikitini na baba zao, mimi nilikwenda na bibi. Hii nyumba ndiyo kitu pekee alichoniachia." Alikuwa na haki yake na yeye, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Ila nilijua mlango mmoja. Kwenye mirathi, deni la maiti hutoka kwanza, urithi baadaye. Dhahabu ilikuwa ya Ghaniya, mimi shahidi, sonara wa Nizwa shahidi, Marzouq aliyelipwa pesa shahidi. Kilichobaki ni neno moja: alimkopesha au alimpa? Akisema alimkopesha, na akaapa, basi deni lake litazidi nusu ya nyumba. Hamdun atachukua mitende ya Al Qabil na zamu ya maji, na nyumba itabaki kwa Ghaniya mpaka afe. Akisema alimpa, hana kitu ila thumni yake. Nilimweleza hivyo siku nzima. Alinisikiliza, anashona kofia.

Tukaenda kwa kadhi. Mzee mpole, sauti yake ndogo. Mimi nikatoa ushahidi wangu wa Nizwa, Marzouq akatoa wake. Hamdun akaulizwa kama anapinga. Akasimama, akasema: "Sheikh, Khalti akiapa kwamba ilikuwa deni, mimi nimekubali, wala sitaki shahidi mwingine. Tangu nimjue sijamsikia akisema uongo." Nikaona kwisha, tumepata. Kadhi akamgeukia Ghaniya, ambaye alikuwa amekaa karibu yangu, amejifunika.

"Bibi, ulimkopesha mumeo pesa ile, au ulimpa?"

Nikamfinya paja. Kadhi akarudia. Nikamfinya tena, kwa nguvu, nadhani nilimwacha na alama. Ndipo akasema, naye hajajibu alichoulizwa:

"Sheikh, nikiapa kuwa lilikuwa deni, Musallam kalala nalo tangu siku ile tuliyomzika?"

Kadhi akainamisha kichwa. "Naam. Nafsi ya muumini hufungika kwa deni lake, mpaka alipiwe."

"Basi hakuwa na deni langu," akasema Ghaniya. "Nilimpa. Nilimtia mkononi nikamwambia chukua, ni yako, asije akajiona mdogo mbele yangu. Akalia. Sikumkopesha hata baisa."

Hamdun alishika ncha ya kilemba chake akajifunika nacho uso, na mabega yakawa yanatikisika. Kadhi akamuuliza Ghaniya mara ya tatu, taratibu, kama mtu anayemshikilia mlango mwenzake asije akajifungia nje. Alijibu vile vile. Karani akaandika.

Tulipotoka nje sikuweza kujizuia. Pale pale mlangoni, watu wanapita, nilimpigia kelele: "Neno moja, Ghaniya! Neno moja tu, na mtoto mwenyewe kishakubali! Umeshona mpaka macho yameharibika, umeuza dhahabu ya mama yako, na leo huna pa kuweka mto wako! Ungepungukiwa na nini?"

Akaniangalia. Hakuwa na hasira.

"Radhia," akasema, "walipokuwa wanamtoa Musallam ndani kwenda kumzika, mwanamume mmoja alisimama uani akauliza: nani anamdai maiti huyu? Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikasema simdai. Akaenda kaburini na neno hilo. Sasa unataka nikamfukue nimwambie nilisahau?"

Gari ilikuja, tukapanda, tukaenda kuzichukua nguo zake.